Kuku wa Msiba

Mume wangu alikuwa dereva, na mimi nilimpenda akiwa dereva. Sioni haya kusema hivyo. Siku ya kwanza kumwona alikuwa ametoka uvunguni mwa lori pale sokoni Mbinga, grisi imempanda mpaka mikononi juu, akanisalimia kwa kunipa kiwiko kwa sababu kiganja hakikufaa. Nilicheka mpaka nikasahau bei ya nyanya niliyokuwa naulizia. Wengine wa umri wetu walikuwa na mibuni waliyorithi kwa baba zao. Sisi tulikuwa na leseni yake ya udereva, basi. Aliitia ndani ya mfuko wa nailoni, mfuko akautia ndani ya mfuko wa shati, na shati likibadilishwa, kitu cha kwanza kuhamishwa kilikuwa ni hicho.

Lori halikuwa lake. Mwenye lori tulimwita tajiri, kama madereva wote wanavyomwita mwenye gari, hata kama tajiri mwenyewe anadaiwa mpaka nguo aliyovaa. Huyu wetu hakudaiwa. Zamani alikuwa karani wa chama cha ushirika, enzi zile kahawa yote ya Wamatengo wa milima hii ilipita mlango mmoja tu. Ilipokuja miaka ya soko huria, na serikali ikaanza kuwaruhusu watu binafsi kununua kahawa, yeye alikuwa wa kwanza kunusa. Alitoka ushirika, akapata lori chakavu, akalifufua, akamwajiri mume wangu. Kilichobaki kilikuwa leseni yake mwenyewe, leseni ya kununua kahawa, na hiyo aliisubiri kama mchumba.

Lakini kwetu hakuwa tajiri tu. Alikuwa msimamizi wa ndoa yetu. Mimi ni mtu wa ziwani, wa Mbaha, nimekulia katika Anglikana, nikaingia Ukatoliki ili niolewe na mtu wa Matiri. Watu wa milimani msimamizi hawamweki kwa ajili ya picha ya harusi. Ndiye mnayempelekea ugomvi wenu. Ndiye anayekuja kukaa sebuleni mume akikosea, mke akikosea, na neno lake mnalipokea kama neno la baba. Mimi nilimwita Baba, na yeye aliniita mwanangu. Baba yangu mzazi alikuwa mbali, kule chini ziwani, kwa hiyo jina hilo halikunitoka mdomoni tu. Nilimaanisha.

Sasa, shangazi yangu alifariki. Huyu ndiye aliyenilea baada ya mama yangu kuondoka duniani mimi nikiwa bado nanyonya. Alikuwa ameletwa hospitali huku juu, akalazwa, akaugua kimyakimya kama alivyofanya mambo yake yote, na asubuhi moja nikakuta kitanda chake kimetandikwa upya. Sikuwa na akili ya kufikiri. Baba yangu mzazi alituma salamu kwamba dada yake azikwe nyumbani, na mimi sikujua maiti inafikaje Mbaha, maana mabasi hayakukubali na gari la kukodi lilikuwa la watu wenye uwezo.

Tajiri alikuja mwenyewe hospitalini. Alivua kofia, akanishika bega.

"Mwanangu, chukueni lori. Mafuta yangu."

Nilipiga magoti pale pale kwenye saruji, naye akaniinua, akasema wasimamizi ni wa nini kama si kwa siku kama hizi. Wanawake wa jumuiya yetu ya kanisani walisikia. Walilisema neno lile mtaa mzima, na mimi niliona fahari katikati ya kilio changu.

Tukaondoka. Sanduku katikati ya bodi la lori, wanawake wa jumuiya wamelizunguka wakiimba, wanaume wachache wameshikilia nguzo za turubai, mimi mbele na mume wangu. Kwenye kizuizi cha polisi nje kidogo ya mji, trafiki alisimamisha, akachungulia nyuma, akaliona sanduku. Akavua kofia yake.

"Poleni sana," akasema, akaondoa mti.

Tuliteremka kwa kupitia kijiji cha Ruanda, kona baada ya kona, mume wangu akiendesha taratibu ili shangazi asitikisike. Tulizika jioni. Mchanga wa kwetu ni mwepesi, kaburi halichelewi.

Asubuhi yake, wakati wa kuondoka, baba aliniita nyuma ya nyumba. Hapa lazima nieleze jambo, maana ndilo lililotumaliza. Kwa ukoo wetu, mtu aliyemleta maiti wenu nyumbani haondoki mikono mitupu. Si ujira, na hakuna anayeuita ujira. Ni kumfuta machozi yule aliyeshika mzigo wenu. Mwaka mzuri mnampa usipa, vile visamaki vidogo vya ziwa letu, vikavu, debe zima, na mchele juu yake. Mwaka ule ziwa lilikuwa limenuna. Nyavu zilitoka na maji. Baba alikuwa amebaki na tetea mmoja mweusi, na huyo alikuwa ni wa shangazi, alimwacha akitamia alipopelekwa hospitali.

"Mpe mkwe wangu," baba akasema, akinipa yule kuku amefungwa miguu kwa kambaa. "Mwambie anisamehe. Mwambie mwaka ujao."

Baba hakuniangalia usoni aliposema vile. Mzee mwenye mashua yake, aliyezoea kugawa, alikuwa anaona aibu mbele ya kuku.

Tulirudi na wanawake wale wale wa jumuiya, safari hii hawaimbi, wamechoka, wengine wamelala. Kizuizi kile kile, trafiki yule yule. Akachungulia nyuma.

"Maiti iko wapi?"

"Tumezika, afande," mume wangu akajibu. "Tulipita hapa jana. Ulituambia poleni."

"Nakumbuka. Lakini sasa hakuna maiti. Hawa waliobaki ni abiria, na hili ni lori la mizigo."

Mume wangu alidhani ni utani. Haukuwa utani. Trafiki alitoa kitabu chake, akaandika karatasi ya kosa palepale juu ya boneti, huku akimtupia jicho kuku niliyempakata. Kubeba abiria katika gari la mizigo bila kibali. Ukikubali kosa, unakwenda kituoni, unalipa faini, mnamalizana. Ukikataa, mahakamani.

Mume wangu alitaka kukubali. Nataka jambo hili lieleweke, maana baadaye watu walimwona mbishi. Alisema tangu tuko barabarani: "Nitalipa yaishe. Faini ni maumivu ya mwezi mmoja." Alikuwa na akili yake timamu. Tulipofika kwa tajiri kurudisha lori, alimpa ile karatasi na kumwambia hivyo hivyo.

Tajiri aliisoma, akaikunja, akaitia mfukoni mwake.

"Hulipi. Ukilipa umekubali, na ukikubali, lori langu limeingia kwenye vitabu vya polisi. Nasubiri leseni ya kahawa, mwanangu. Wanaotoa leseni wanaulizia mambo kama haya. Tutakataa. Nitaleta wakili kutoka Songea, atatutetea sote wawili."

Sote wawili. Nililisikia kwa masikio yangu, nimesimama mlangoni na kuku mkononi.

Na yule kuku? Nilimkabidhi mke wa tajiri, jikoni kwake, jioni ile ile. Mume wangu ndiye aliyeniambia nifanye hivyo. Mafuta yalikuwa ya tajiri, lori la tajiri. Shukrani ya msiba iende kwa aliyetusitiri. Mke wa tajiri alimpima uzito kwa mkono, akasema pole na msiba, akamtia chini ya tenga. Jumapili iliyofuata, tukitoka Misa, tajiri alinipungia mkono mbele ya watu.

"Mwanangu, kuku wenu wa ziwani wana nyama!"

Nilifurahi. Niliona shangazi naye ameshukuru.

Habari ya wakili ilienea mji mzima. Dereva gani wa Mbinga aliyewahi kuwa na wakili? Watu waliandikiwa kila wiki, wakalipa au wakafungwa, hakuna aliyewafikiria. Mimi nilijigamba bombani mpaka wenzangu wakachoka. Nilisema: huyo ndiye msimamizi, si hao wenu wanaokuja kula pilau ya harusi halafu hamuwaoni tena. Nilivyokuwa nimevishwa kilemba cha ukoka, sikujua hata kama nina kichwa.

Wakili alikuja, akafikia nyumba ya wageni. Mtu mpole, viatu vyake safi hata kwa matope ya Mbinga. Alituita mimi na mume wangu, akatukalisha, akasema: "Nielezeni kila kitu. Msinifiche kitu, na kikishatoka kwenu kuja kwangu hakitoki." Maneno kama hayo sisi tumeyasikia kwa padre tu. Kwa hiyo mume wangu alimweleza kama mtu anayeungama. Trafiki, wanawake wa jumuiya, mafuta ya tajiri. Na kuku. Hakuulizwa habari ya kuku, aliitoa mwenyewe, kwa sababu katika kuungama huachi kitu nyuma.

Wakili aliinua kalamu.

"Kuku mlimfanya nini?"

"Nilimpeleka kwa tajiri," nikajibu mimi. "Nilimpa mama mwenye nyumba mkononi."

Akaandika. Halafu akasema tulete shahidi kutoka Mbaha, mtu mzima, mwenye heshima, athibitishe kwamba kweli kulikuwa na msiba. Nikasema baba yangu. Akasema baba yangu anafaa sana. Alipotusindikiza mlangoni alimshika mume wangu mkono.

"Mahakamani jibu unachoulizwa tu. Usiongeze hata neno. Mengine niachie mimi."

Tulitoka pale tumeshikana mikono, jambo ambalo kwetu watu waliooana hawafanyi barabarani.

Siku ya kesi wakwe zangu waliteremka kutoka Matiri, kaka zake mume wangu na mama yao, wakajaa benchi zima. Baba alifika akiwa na koti lake la kanisani, lile la Pasaka, limekunjika kwa safari. Alikuwa hajakutana na wakwe wale tangu siku ya mahari. Alisalimiana nao kwa unyenyekevu mwingi mpaka nikaona huruma. Mama mkwe alimuuliza habari za ziwa, naye akasema ziwa ni zuri, ziwa halijambo, kumbe watoto wa ndugu zangu walikuwa wanalalia mihogo.

Washtakiwa walikuwa wawili, dereva na mwenye gari, na wakili mmoja. Mume wangu alisimama kwanza. Aliulizwa jina, kazi, kama aliendesha lori siku ile, kama nyuma walikuwemo watu. Akajibu ndiyo, ndiyo, ndiyo, kama mtoto wa katekisimu, na hakuongeza hata neno. Hakuulizwa nani alimpa ruhusa. Nilidhani wakili anaiweka kwa ajili ya baadaye.

Akasimama tajiri. Wakili akamuuliza aliruhusu nini.

"Nilitoa gari libebe maiti. Ubinadamu tu, Mheshimiwa. Kurudi lilitakiwa kurudi tupu."

"Katika safari ile ulipata chochote?"

"Sikupata kitu."

Nilimwelewa kwamba hakutoza nauli, na kweli hakutoza. Lakini lile la kurudi tupu lilinichoma. Wanawake wa jumuiya, watu wa kanisa lake mwenyewe, alitaka warudije kutoka Mbaha, kwa miguu? Nilimtazama, akawa anatazama dirishani.

Halafu wakamwita baba. Aliapishwa. Wakili alimsogelea kwa heshima, akampa shikamoo mbele ya hakimu, na baba akaitikia marahaba, akalegea, akajisikia yuko nyumbani.

"Baba, mlipomaliza kuzika, dereva huyu alipotaka kuondoka, mlimwacha aende mikono mitupu?"

"Hapana. Sisi si watu wa namna hiyo."

"Mlimpa nini?"

Hapo baba aligeuza kichwa. Hakumtazama hakimu wala wakili. Alitazama lile benchi la wakwe kutoka Matiri, mama mkwe wangu amekaa na kanga yake mpya, na mimi niliyemfahamu baba yangu nilijua anachofikiri. Mbele ya wakwe hutaji kuku mmoja. Mbele ya wakwe unataja kile ambacho ungetoa kama ziwa lisingenuna.

"Tulimpa kuku," akasema. "Na usipa debe moja. Na mchele. Hakutubebea maiti wetu bure, Mheshimiwa. Sisi tuna heshima zetu."

Mama mkwe wangu alitikisa kichwa kwa kuridhika. Baba alimwona akitikisa, akasimama wima zaidi ndani ya koti lake.

"Mwenye gari alikuwepo mlipotoa vitu hivyo?" wakili akauliza.

"Hakuwepo."

"Mlimkabidhi nani?"

"Dereva. Yaani, nilimpa binti yangu, mkewe."

"Ahsante, baba. Sina zaidi."

Wakili akakaa. Nilingoja ainuke tena. Nilingoja aniite mimi, au aulize kuku alikwenda kwa nani, kwa sababu jibu alikuwa nalo, alikuwa ameliandika mbele ya macho yangu. Hakuinuka. Alifunga jalada lake. Hakimu akamuuliza kitu kwa Kiingereza, naye akajibu kwa Kiingereza, wakaelewana. Ndipo akili ikanijia. Nilisimama nikasema, "Kuku aliliwa kwa huyo," nikanyoosha kidole kwa tajiri. Askari akanishika bega, akanikalisha, akaniambia nikirudia nitalala ndani. Mume wangu alinigeukia, akanitikisia kichwa taratibu, ninyamaze. Bado alikuwa anamwamini wakili.

Hukumu ilisomwa juma lile lile. Dereva alibeba abiria kwa malipo, tena kwa faida yake mwenyewe, bila mwenye gari kujua. Faini, na zaidi ya faini, anazuiwa kuendesha gari lolote kwa miaka kadhaa. Mwenye gari hana hatia. Lori lake liko huru.

Mume wangu aliambiwa akabidhi leseni. Alitoa mfuko wa nailoni, akatoa leseni, akampa karani. Ule mfuko mtupu akaukunja vizuri na kuurudisha mfukoni mwa shati. Nadhani hakujua anafanya nini.

Nje, chini ya ukuta wa mahakama, baba, aliyekaa kwetu kungoja hukumu, alikuja na koti lake, uso umechangamka. Mambo ya hukumu hakuyaelewa vizuri, yalisomwa haraka.

"Mkwe wangu, nimekusaidia?"

Nilitaka kulia kwa sauti. Nilitaka kumwambia baba, hata usipa haukuwepo, baba, kwa nini. Mume wangu alinitangulia. Alimshika mzee mikono yote miwili.

"Umenisaidia, baba. Ahsante."

Baba alirudi Mbaha akiamini hivyo, na alizikwa miaka mingi baadaye akiamini hivyo. Kwa hilo peke yake mume wangu nitamheshimu mpaka naingia kaburini.

Tajiri hatukumwona mahakamani baada ya hukumu. Alituma neno tusubiri mambo yapoe. Tukasubiri. Mambo yalivyopoa, lori likawa linaendeshwa na mtoto wa dada yake, na leseni ya kahawa ikawa imetoka. Jumapili kanisani alikaa mbele kama kawaida, akapokea Komunyo kama kawaida. Mimi nilibaki kwenye benchi, sikupokea, kwa sababu mtu aliyejaa chuki kiasi kile hapokei. Nilikasirika hata na hilo, kwamba mwenye kosa anapanda altareni na aliyekosewa anabaki chini.

Nilikwenda Songea. Sikumwambia mume wangu, nilisema naenda kumwona mgonjwa. Ofisi ya wakili ilikuwa juu ya duka la vitambaa. Alinikumbuka, akanikaribisha kiti, mpole vile vile. Nilimuuliza kwa nini hakuuliza ile nusu ya pili ya kuku.

"Mama," akasema, "aliyekuja kunichukua hapa kunipeleka Mbinga alikuwa nani?"

"Tajiri."

"Basi. Mimi nilikuwa nalitetea lori."

"Ulisema unatutetea sote. Ulisema hakitoki."

"Sikusema uongo wowote mahakamani. Shahidi wenu alisema mwenyewe."

Nikamuuliza kama tunaweza kukata rufaa. Akasema tungeweza, lakini muda umepita. Alisema hivyo kama mtu anayekuambia basi limeondoka, pole, kuna jingine kesho. Wakati muda ule unapita hakuna aliyetuambia kwamba upo. Nilimwambia viatu vyake vinang'aa kwa mate yetu. Nikashuka ngazi, nikapita duka la vitambaa, nikatafuta basi la kurudi.

Tulihama Mbinga mjini, tukaenda Matiri kwenye ardhi ya babake. Mume wangu, mtu aliyejua kona zote za kwenda ziwani, alianza kufyeka nyasi na kuzipanga miraba mlimani, na mimi mtu wa ziwani nikajifunza kuchimba ngoro, yale mashimo ya kilimo cha Wamatengo, nikifukia nyasi kwa udongo huku mgongo ukilia. Mama mkwe alinifundisha bila kunicheka. Maharage yalitoka, mahindi yalitoka, hata mibuni michache tukapanda. Njaa haikutuua. Lakini kila lori likisikika linapanda kule barabarani, mume wangu alisimamisha panga akasikiliza, akasema kwa sauti ndogo, "Gia hiyo amekosea." Halafu akaenda kunywa. Alianza jioni, baadaye akaanza mchana. Hakunipiga. Aliacha kusema nami, na hilo mimi nililiona baya kuliko kupigwa.

Wanawake wa jumuiya ya Matiri waliona. Wakanijia, watatu, wamejifunga kanga kiunoni, wakasema kile wanachosema siku zote.

"Dada, mpelekee msimamizi wenu. Kazi yake ni hiyo."

Nilikataa. Wakasema nikikataa nitakuwa mimi ndiye ninayeivunja ndoa. Walimwendea wao.

Akaja. Ulikuwa msimu wa kahawa, alikuwa anazunguka vijijini kununua, kwa hiyo lile lori liliegeshwa kwenye uwanja wetu, limepakwa rangi mpya. Mume wangu alilizunguka mara moja, akapapasa tairi, akaingia ndani akakaa. Tajiri alikuwa amenenepa. Alikaa kwenye kiti chetu kizuri, akatoa rozari, tukasali, akaanza kumsema mume wangu. Kwamba mwanamume hajifungi kwenye jambo lililopita. Kwamba katika ndoa kuna kusamehe. Kwamba dunia ya sasa ni ya kuhangaika, si ya kulalamika. Mume wangu aliinamisha kichwa, akaitikia, "Ndiyo, Baba. Ndiyo, Baba," kama alivyoitikia kizimbani.

Mimi nilikuwa jikoni. Mgeni wa namna ile lazima ale, na mimi si mtu wa kumnyima mgeni, hata huyo. Nilichinja kuku, nikampika kama alivyonifundisha shangazi, kwa nyanya na kitunguu, moto mdogo, mchuzi mzito. Nikatenga. Paja na firigisi nikamwekea yeye, kama inavyotakiwa.

Alikula vizuri. Alinyonya mfupa, akafuta midomo, akanigeukia kwa uso ule wa kibaba ambao siku moja hospitalini ulinipigisha magoti.

"Mwanangu, mkono wako haujapotea," akasema. "Tangu yule mweusi wa ziwani sijala kuku kama huyu."

Mume wangu aliinua kichwa. Tonge lake la ugali lilikuwa bado liko kwenye vidole, na alilirudisha kwenye sahani. Tajiri alitia firigisi mdomoni, akatafuna, halafu akatafuna polepole, halafu akaacha.

"Yule hukumla, Baba," nikamwambia. "Mahakama ilisema alikula mume wangu."

Sikupaza sauti. Niliinuka nikaleta birika na beseni, nikapiga magoti mbele yake kama anavyofanyiwa mgeni, nikammiminia maji, naye akanawa mikono yake yote miwili huku akiyaangalia yale maji. Alipoondoka tulisikia lori likihangaika kupanda kile kilima cha kwetu. Mume wangu alisikiliza mpaka likatoweka, na safari ile hakusema gia imekosewa. Alivuta sahani ya tajiri karibu, akaniambia nikae, tule.

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu tangu msimu wa palizi.